Foleni ya printa inasimama kila umeme ukikatika: je, nisakinishe CUPS upya?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia seva ndogo ya Linux isiyo na skrini, naingia kwa SSH tu. Inahudumia printa tatu za mtandao: mapokezi, uhasibu na stoo. Kila umeme ukikatika na kurudi, foleni mojawapo inagoma na lpstat inaandika 'disabled'. Nikianzisha upya huduma ya CUPS haisaidii. Nikiwasha upya seva nzima, mara inasaidia, mara haisaidii. Kinachosaidia siku zote ni kufuta foleni na kuiunda tena, lakini kazi za watu zinapotea na lawama zote zinanijia mimi. Nikitumia cupsenable, printa inatoa nakala hata kumi za hati moja. Na wiki iliyopita hati za mishahara zilitokea kwenye printa ya mapokezi, ingawa mhasibu anaapa hakuichagua. Nadhani CUPS imeharibika. Niisakinishe upya? Halafu nisaidie na hili: kwa nini kuna amri mbili mbili kwa jambo lile lile, lpq na lpstat, lprm na cancel? Ipi ndiyo sahihi?"*

Usiisakinishe upya CUPS, yaani programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux. Utapoteza nusu siku na tatizo litakusubiri pale pale. Tena kwenye mifumo ya jamii ya Debian, ukiondoa kifurushi kwa `apt remove` kisha ukakirudisha, mipangilio ya foleni iliyo ndani ya `/etc/cups` hubaki ilivyokuwa. Utakuwa na CUPS mpya inayosoma makosa ya zamani.

Nikikuelewa vizuri, una mashaka mawili: foleni inasimama bila sababu, na hati inafika pasipotakiwa. Umefanya vyema kuyaandika pamoja, kwa sababu naamini chanzo chake ni kimoja. Lile tukio la mishahara, uliloligusia kama kiroja cha pembeni, ndilo linalotoa siri. CUPS yako ni nzima. Anwani za printa zako ndizo zinazohama.

Ona inavyokuwa. Ulipounda foleni ya uhasibu, CUPS iliandika mahali pa kupeleka kazi, tuseme `ipp://192.168.1.45/ipp/print`. Haikuandika "printa ya uhasibu", iliandika namba. Namba hiyo printa ilipewa na ruta kwa muda tu. Ruta nyingi ndogo huweka orodha ya waliogawiwa namba kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika. Umeme ukirudi, printa tatu zinaamka kwa pamoja, kila moja inaomba namba, na ruta inagawa upya kadiri zinavyowahi. Siku ambayo printa ya mapokezi imeipata 45, kazi ya mhasibu inapelekwa 45 kama ilivyoagizwa, inapokelewa na kuchapwa bila kosa lolote. Mhasibu wako hasemi uongo.

Siku nyingine 45 inaangukia kwenye kifaa kingine, na hapo ndipo foleni inapogoma. Nawe ukifuta foleni na kuiunda upya, unatafuta printa tena, unaipata kwenye namba yake mpya, na mambo yanakwenda. Ndiyo maana dawa yako hufanya kazi kila mara: bila kujua umekuwa ukisahihisha anwani, ila kwa njia ya gharama kubwa, kwa sababu kufuta foleni hufuta kazi zilizomo pamoja na ruhusa na mipangilio yake yote.

Kabla hujanikubalia, hakiki. Amri hii inakuonyesha kila foleni imeelekezwa wapi:

    lpstat -v

Kisha nenda kwenye kila printa, uchape ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu yake, na ulinganishe namba. Ukiwa mbali, iulize printa yenyewe ni nani:

    ipptool -tv ipp://192.168.1.45/ipp/print get-printer-attributes.test | grep printer-make-and-model

Kwenye Debian na Ubuntu, `ipptool` huja na kifurushi cha `cups-ipp-utils`. Kama ulitegemea jibu la modeli ya uhasibu ukaletewa modeli ya mapokezi, umekwisha kupata ushahidi. Printa zote zikiwa za modeli moja, tazama namba za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa vyenyewe vya mtandao, kwa `ip neigh`, maana hizo haziwezi kufanana.

Sasa nikueleze foleni yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya lawama unazobeba inatokana na kudhani foleni ina hali mbili tu, inafanya kazi au haifanyi. Foleni ya CUPS ni kama duka lenye milango miwili, wa mbele wanapoingilia wateja na wa nyuma mizigo inapotokea, na kila mlango una komeo lake. Wa mbele hufungwa kwa `cupsreject` na kufunguliwa kwa `cupsaccept`. Wa nyuma hufungwa kwa `cupsdisable` na kufunguliwa kwa `cupsenable`. Neno "disabled" unaloliona linahusu mlango wa nyuma peke yake. Wa mbele bado uko wazi, kwa hiyo mhasibu anabonyeza "chapa", hapati kosa lolote, anakwenda kwenye printa, hakuna kitu, anarudi kubonyeza tena. Kila mbonyezo ni kazi mpya inayopangwa foleni. Ukija na `cupsenable` unaziachia zote kwa mkupuo. Zile nakala kumi ziliombwa kweli, mara kumi.

Hali za milango hii miwili huandikwa kwenye faili, hazikai kwenye kumbukumbu ya huduma. Jaribu:

    sudo grep -E '^<|DeviceURI|^State|Accepting|ErrorPolicy' /etc/cups/printers.conf

Utaona kitu cha namna hii:

    <Printer uhasibu>
    DeviceURI ipp://192.168.1.45/ipp/print
    State Stopped
    StateTime 1741083164
    Accepting Yes
    ErrorPolicy stop-printer

`State Stopped` na `Accepting Yes`: nyuma kumefungwa, mbele kuko wazi. Ukianzisha upya huduma, inasoma faili hili na kuirudisha foleni katika hali ile ile ya kusimama, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Zile mara ambazo kuwasha upya seva kulisaidia, nadhani foleni haikuwa imesimama. Kuna kazi iliyokuwa inasubiri tu, na wakati seva inajiwasha, printa nayo ikamaliza kuamka. Nakuomba usilihariri faili hili kwa mkono wakati huduma inaendelea. Juu kabisa pameandikwa onyo hilo hilo, na CUPS italiandika upya juu ya mabadiliko yako.

Tuje kwenye kusimama kwenyewe. Kazi ikiingia, CUPS huipitisha kwenye vichujio, yaani programu ndogo zinazogeuza hati yako kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Mwisho wa mnyororo kuna programu ya kupeleka, inayozungumza na printa kwa USB au mtandao. Hizi za kupeleka ziko kwenye `/usr/lib/cups/backend`, na ukiorodhesha folda hiyo utaona majina kama `ipp`, `socket`, `lpd` na `usb`. Kila moja ikimaliza hurudisha namba ya matokeo. Sifuri maana yake safi. Moja maana yake imeshindikana, na hapo CUPS hutazama sera ya makosa ya foleni iamue la kufanya. Nne maana yake "simamisha foleni", na hapo sera haiulizwi.

Kutokana na hayo, watu huita "printa imegoma" mambo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza, printa imezimwa au haipatikani kwenye mtandao. Programu za kupeleka kwa mtandao ni vumilivu, zitasubiri na kujaribu tena kwa saa nyingi. Foleni haitasimama. Utaona kazi ya kwanza "inachapwa" tangu asubuhi na nyingine zimepanga nyuma yake.

La pili, hati yenyewe ni mbovu au kichujio kimeshindwa. Hapo kinachosimamishwa ni ile kazi moja, na foleni inaendelea na wengine. Ndiyo ile hali mtu mmoja analalamika wakati mwenzake anachapa vizuri.

La tatu ndilo lako: programu ya kupeleka imefika kwenye namba, ikajibiwa kitu ambacho si printa iliyotarajiwa, ikaamuru foleni isimame. Kwa mfano, printa iliyochukua namba 45 inaitikia IPP, lugha ya mtandao ya kuzungumza na printa, lakini kwa njia nyingine kama `/ipp` badala ya `/ipp/print`. Jibu linakuwa "hakuna kitu hapa", na kwenye faili la kumbukumbu za matukio (log) unakuta:

    E [04/Mar/2025:10:12:44 +0000] [Job 214] The printer URI is incorrect or no longer exists.

Mstari huo unasema anwani ya printa si sahihi au haipo tena. Sababu ya kusimama iliandikwa siku ile ile, na wewe ulikuwa unafuta foleni bila kuisoma. Kuanzia sasa, kabla ya kugusa chochote, soma kwanza:

    lpstat -p uhasibu -l
    sudo grep 'Job 214' /var/log/cups/error_log

Namba ya kazi unaipata kwenye `lpstat -o`, pale panapoandikwa `uhasibu-214`. Mifumo mingine, Fedora mmojawapo, hupeleka kumbukumbu hizi kwenye jarida la mfumo, basi tumia `journalctl -u cups`. Maelezo yakiwa mafupi mno, washa kumbukumbu za kina kwa `sudo cupsctl --debug-logging`, rudia tatizo, kisha zima kwa `sudo cupsctl --no-debug-logging`. Usisahau kuzima. Katika hali hiyo CUPS huandika kila inachofanya, na faili hunenepa haraka.

Haya, tiba. Siku foleni ikisimama tena, fuata utaratibu huu. Kwanza funga mlango wa mbele, watu waache kurundika kazi:

    sudo cupsreject -r "Inarekebishwa" uhasibu

Anayejaribu kuchapa sasa ataambiwa kuwa foleni haipokei kazi. Atanung'unika, lakini hatabonyeza mara kumi. Kisha tazama kilichorundikana:

    lpq -P uhasibu

Hapa napendelea `lpq` kuliko `lpstat -o` kwa sababu inaonyesha jina la hati, na jina ndilo linalokuwezesha kutambua marudio. Kwenye seva nyingine majina hufichwa kwa asiye mwenye kazi. Ni kinga nzuri hasa kwa hati za uhasibu, na ukikutana nayo muulize mwenye kazi zake, usiiondoe. Futa marudio moja moja, `cancel uhasibu-215`, `cancel uhasibu-216`, ubakize moja. Ukiwa na uhakika kuwa hakuna cha kuokoa, `sudo cancel -a -x uhasibu` inafuta kazi zote pamoja na faili zake. Hiyo ndiyo njia ya kusafisha. Kuna watu wanaingia `/var/spool/cups` na kufuta kila kitu kwa `rm` wakati huduma iko hewani. Huduma inabaki inakumbuka kazi ambazo faili zake hazipo, na unajiongezea kitendawili kingine.

Baada ya hapo sahihisha anwani bila kufuta foleni:

    sudo lpadmin -p uhasibu -v ipp://192.168.1.60/ipp/print

Foleni ni ile ile, kazi zimo, ruhusa zimo, na mahali pa kupeleka ndipo palipobadilika. Halafu fungua milango, wa nyuma kwanza:

    sudo cupsenable uhasibu
    sudo cupsaccept uhasibu

Tambua kuwa kazi iliyokuwa katikati foleni iliposimama hurudi kusubiri, na itachapwa upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Kama kurasa zake za mwanzo zilikwisha kutoka, utazipata mara ya pili. Kwa hati ndefu, muulize mwenyewe kama anataka yote. Kama anataka kuanzia ukurasa wa 31, aifute aitume tena kwa `lp -d uhasibu -P 31-80 ripoti.pdf`.

Na kama matengenezo yatachukua muda, unaweza kuhamishia kazi zote kwenye printa nyingine kwa `sudo lpmove uhasibu stoo`. Amri hii ni nzuri na ni ya hatari, kwa sababu inahamisha kila kilichomo, mishahara ikiwemo. Hamisha kazi moja kwa jina lake, `lpmove uhasibu-214 stoo`, baada ya kumwambia mwenyewe akasimame pale printa ilipo.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Ugonjwa unatibiwa kwenye ruta, na njia ziko tatu. Ninayoipendelea ni kuingia kwenye ruta na kuitengea kila printa namba yake kwa kutumia MAC. Printa inaendelea kuomba namba kama kawaida, lakini hupewa ile ile daima, na orodha nzima inakaa mahali pamoja.

Ya pili ni kuandika namba ya kudumu kwenye printa yenyewe. Inafaa pale ambapo ruta si yako, ila ina mtego: namba hiyo ikiwa ndani ya zile ambazo ruta inagawa, siku moja ruta itampa mtu mwingine namba hiyo hiyo, na vifaa viwili vitagombana. Hilo ni gumu kuligundua kuliko tatizo ulilonalo leo. Chagua namba iliyo nje ya safu ya mgawo.

Ya tatu ni kutumia jina badala ya namba. Printa nyingi za mtandao hujitangaza kwa jina linaloishia na `.local`, na amri ya `ippfind` itakuorodheshea. Hii haijali namba zikihama. Udhaifu wake ni kwamba matangazo hayo kwa kawaida hayavuki kutoka mtandao mdogo mmoja kwenda mwingine, na seva lazima iwe na huduma ya kuyasikiliza, kwa kawaida Avahi. Kwa printa tatu zilizo kwenye mtandao mmoja na seva, itakufaa. Kwa mishahara, mimi ningetenga namba kwenye ruta.

Huenda umesoma mahali kwamba dawa ya foleni kusimama ni kubadili sera ya makosa:

    sudo lpadmin -p uhasibu -o printer-error-policy=retry-job

Ina faida yake. Sera ya asili ya CUPS ni `stop-printer`, kosa moja la kupeleka linasimamisha foleni nzima, ingawa Debian na jamaa zake hugeuza hiyo iwe `retry-job` tangu mwanzo. Kwa `retry-job`, kazi iliyoshindwa inawekwa kando, wengine wanaendelea, na inajaribiwa tena baadaye. Usipobadilisha kitu, ni kila baada ya sekunde 30, hadi mara 5, kisha inaachwa. `retry-current-job` hung'ang'ania kazi ile ile na kuwazuia wengine nyuma, inafaa pale tu ambapo mpangilio wa kutoka ni lazima, kama stakabadhi zenye namba zinazofuatana. `abort-job` huitupa kazi na kusonga mbele, na mtumiaji asipoangalia hatajua kuwa hati yake haikutoka. Kwa ofisi ya kawaida chagua `retry-job`. Lakini kumbuka ile namba nne: kwa kosa lako hasa, programu ya kupeleka inasimamisha foleni bila kuiuliza sera. Ukibadili sera na kuacha anwani zihame, umetwanga maji kwenye kinu.

Siku utakapolazimika kuunda foleni kutoka mwanzo, amri ni hii moja:

    sudo lpadmin -p uhasibu -E -v ipp://192.168.1.60/ipp/print -m everywhere -D "Printa ya uhasibu" -L "Ghorofa ya pili"

Mahali ilipo ile `-E` pana maana. Ikiwa baada ya `-p uhasibu`, inamaanisha fungua milango yote miwili. Ikiwa kabla ya `-p`, inamaanisha kitu kingine kabisa: zungumza na seva kwa usimbaji fiche. Kwa hiyo ukiandika `lpadmin -E -p uhasibu` na kuishia hapo, amri inakubali bila kulalamika, foleni inaundwa, na imefungwa mbele na nyuma. Wengi wamehangaika na "foleni mpya isiyochapa" kwa sababu ya herufi moja iliyokaa vibaya.

`-m everywhere` inaiambia CUPS isitafute draiva, iiulize printa yenyewe ina uwezo gani. Kwa sababu hiyo printa lazima iwe imewashwa na inafikika wakati unaandika amri, vinginevyo amri itashindwa. Printa nyingi za mtandao zilizotengenezwa tangu AirPrint ilipokuja mwaka 2010 zinaielewa njia hii. Kwa za zamani utatafuta draiva kwa `lpinfo -m`, na CUPS itakuonya kuwa draiva za namna hiyo zitaachwa katika matoleo yajayo. Onyo ni la kweli, lakini halizuii kazi leo.

Kama terminali inakuambia haiijui amri ya `lpadmin` au `lpinfo`, haina maana kwamba haipo. Ziko `/usr/sbin`, folda ambayo kwenye Debian mtumiaji wa kawaida haitafutiwi. Tumia `sudo` au andika njia kamili. Na ukitumia `lpinfo -v` kutafuta printa, mistari yenye neno moja tu kama `network ipp` ni majina ya programu za kupeleka, si printa. Printa ni zile zenye anwani ndefu.

Kwa sababu ya lile la mishahara, weka pia ukuta kwenye foleni:

    sudo lpadmin -p uhasibu -u allow:@uhasibu

Hapo ni wanakikundi wa `uhasibu` peke yao watakaoruhusiwa kutuma kwenye foleni hiyo. Haizuii kazi yao kwenda pasipo sahihi endapo anwani imehama tena, hilo usilichanganye. Inazuia wengine wasiingie kwao. Na kama kuna mtu ambaye kila akichapa bila kutaja printa kazi inakwenda kwingine, chungulia `~/.cups/lpoptions` kwenye akaunti yake: chaguo lake binafsi lina nguvu kuliko lile uliloliweka kwa mfumo mzima kwa `lpadmin -d`.

Kuhusu amri mbili mbili, zote ni sahihi. Unix ilikuwa na koo mbili. Upande wa Berkeley walichapa kwa `lpr`, wakatazama kwa `lpq`, wakafuta kwa `lprm`. Upande wa System V walichapa kwa `lp`, wakatazama kwa `lpstat`, wakafuta kwa `cancel`. Michael Sweet alianza kuiandika CUPS mwaka 1997, na hakutaka kumlazimisha mtu kubadili mazoea, hivyo akaziweka zote mbili juu ya injini moja. Apple waliinunua mwaka 2007, na siku hizi inaendelezwa chini ya OpenPrinting. Kwa kazi yako, shika upande wa System V kwa usimamizi, maana `lpadmin`, `cupsenable` na wenzake wanaendana nao, na ukope `lpq` unapotaka majina ya hati.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatayamaliza. Ikiwa namba hazijahama, `ipptool` inaleta jibu sahihi, na bado foleni inasimama, nakili mistari ya kumbukumbu ya kina ya kazi moja umpelekee anayeijua printa hiyo. Kama kioo cha printa chenyewe kinaonyesha namba ya hitilafu, au karatasi zinakwama baada ya kila umeme kurudi, hiyo ni ya fundi wa printa, hakuna amri itakayoinyoosha. Kama ruta na mtandao vinasimamiwa na mtu mwingine, usiweke namba za kudumu kimyakimya. Keti naye, mpe orodha ya MAC zako tatu, akutengee.

Na kama seva hiyo ina anwani inayofikika kutoka intaneti, hakikisha leo hii kwamba poti 631 haifikiki kutoka nje, TCP na UDP zote. Septemba 2024 yalitangazwa mapengo ya usalama katika `cups-browsed`, huduma inayosikiliza matangazo ya printa kwenye poti hiyo, yaliyomwezesha mtu wa mbali kupandikiza printa ya uongo na kuendesha amri zake pale kazi inapotumwa kwenye printa hiyo. Sasisha mfumo. Foleni zako tatu umeziunda mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo huduma hiyo huihitaji:

    sudo systemctl disable --now cups-browsed

Ukiisha kuizima, endesha `lpstat -v` tena. Foleni zako tatu zinapaswa kubaki kwenye orodha, kila moja na namba uliyoitenga. Foleni iliyotoweka hapo ilikuwa imeletwa na `cups-browsed` yenyewe, basi iunde kwa `lpadmin` kama nilivyoonyesha.